Peter Scott na Bata Bukini

Wengi wetu tumesoma habari za Kapteni Robert Falcon Scott, yule Mwingereza aliyekwenda kwa miguu mpaka Ncha ya Kusini ya dunia. Alifika tarehe 17 Januari 1912, akakuta bendera ya Mnorwei Amundsen imekwisha kusimikwa pale tangu mwezi uliotangulia. Katika kurudi, yeye na wenzake waliosalia wakafa kwa njaa na baridi ndani ya hema lao. Lakini kabla hajafa alimwandikia mkewe barua, na miongoni mwa mambo aliyomwomba ni kwamba amlee mtoto wao apende kujifunza habari za wanyama na mimea, kwa kuwa aliona jambo hilo lina faida kuliko michezo. Mtoto mwenyewe wakati huo alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu tu. Huyo ndiye Peter Scott, na habari zake ndizo nitakazowaeleza wasomaji.

Alizaliwa London tarehe 14 Septemba 1909. Mama yake, Kathleen, alikuwa mchongaji wa sanamu, na jina la Peter lilitoka kwa Peter Pan, yule mtoto wa hadithi asiyekua, maana mtungaji wake, J. M. Barrie, alikuwa baba yake wa ubatizo. Mtoto wa shujaa hana kazi rahisi. Kila aliyemwona alimtazama kwa ajili ya baba yake, na kila mtu alitaka kujua kama naye atakuwa shujaa. Peter alisoma katika shule ya Oundle, kisha akaingia Trinity College huko Cambridge. Alianza na masomo ya viumbe, akamaliza na historia ya sanaa mwaka 1931. Mengi kati ya aliyoyajua habari za ndege hakuyapata darasani. Aliyapata katika matope, tena akiwa na bunduki mkononi.

Hapa sina budi kueleza kidogo habari za mahali penyewe. Upande wa mashariki wa Uingereza kuna ghuba pana iitwayo Wash. Mito minne huingia hapo: Witham, Welland, Nene na Great Ouse. Maji yakipwa, hubaki uwanda wa matope na mchanga usioonekana mwisho wake, na kando yake majani ya maji ya chumvi, halafu boma la udongo lililojengwa kuzuia bahari isifunike mashamba. Bata bukini hulala kule nje juu ya mchanga, mbali na mbweha na watu. Alfajiri huruka makundi kwa makundi kwenda bara kula katika mashamba, na jioni hurudi baharini. Ikiwa kuna mbalamwezi, huweza kula usiku pia. Basi mwindaji hujificha chini ya boma kabla ya mapambazuko, katika baridi inayokata vidole, akingoja wapite juu yake. (Sisi tumewaita bata bukini kwa sababu Bukini ni jina la kale la kisiwa cha Madagaska. Lakini hawa ninaowasema hawana uhusiano wowote na Madagaska; kwao ni huko kwenye barafu.)

Peter alikuwa mwindaji hodari sana. Alitumia pia mtumbwi bapa wenye bunduki kubwa kama mzinga mdogo, ambayo kwa mshindo mmoja iliweza kuangusha ndege wengi. Lakini siku moja bata bukini mmoja aliyejeruhiwa alianguka mbali juu ya matope laini, mahali ambapo mtu hawezi kukanyaga asizame. Hakuna aliyeweza kumfikia kumchukua wala kummaliza. Kesho yake alikuwa bado hai, yuko palepale. Jambo hili lilimwingia Peter moyoni. Hakuacha uwindaji siku ile, na ni haki kulisema hilo, maana wengine humsimulia kana kwamba aligeuka mara moja kama Sauli njiani kwenda Dameski. Ilimchukua miaka mingi. Aliendelea kupiga, na huku akiendelea kujiuliza ana haki gani. Mwishowe akaziacha bunduki kabisa.

Mwaka 1933 akakodi mnara wa taa wa kale uliokuwa ukingoni mwa mto Nene, karibu na mji mdogo wa Sutton Bridge, akakaa humo mpaka vita vilipoanza mwaka 1939. Huko alikuwa na vitu viwili tu alivyovitaka: rangi za kuchora na bata bukini. Aliwafuga wa namna mbalimbali katika vidimbwi chini ya mnara, akawachora wakiruka penye mawingu ya alfajiri, na picha zake zikanunuliwa sana London. Nimeona nakala za baadhi ya picha hizo katika vitabu. Mtu ambaye hajawahi kuona bata bukini akitua hudhani mchoraji amebuni, maana wamepinda mbawa na kunyosha miguu kwa namna ya ajabu. Lakini ndivyo wanavyofanya.

Mtu akikaa mahali kama pale mwaka mzima, huyaona majira yakipita kwa ndege kuliko kwa kalenda. Mwezi wa Septemba huwasili bata bukini wa kwanza wenye miguu ya waridi, kutoka Iceland. Oktoba na Novemba vitwitwi wa kila namna hujaa juu ya matope, maelfu kwa maelfu, na maji yakijaa huinuka pamoja na kugeuka hewani kama moshi unaopeperushwa na upepo. Desemba na Januari, bara likiganda, ndege wa maziwani nao hukimbilia baharini, kwa sababu maji ya chumvi hayagandi upesi. Machi bata bukini huanza kuwa na wasiwasi, kisha asubuhi moja uwanda ni mtupu. Aprili na Mei hupita vitwitwi waliovaa manyoya mekundu na meusi ya kuzalia, wakielekea kaskazini. Baadhi yao wametoka Afrika, na huenda mmoja wao wiki chache nyuma alikuwa akidonoa matope ya pwani yetu.

Mambo mengine ya maisha yake nitayapitia haraka, ingawa yangetosha kumpa mtu mwingine sifa ya maisha yote. Mwaka 1936 alipata nishani ya shaba ya kuendesha mashua ya tanga katika michezo ya Olimpiki. Wakati wa vita alikuwa baharini. Alibuni namna ya kuzipaka meli rangi nyepesi zisionekane usiku, na baadaye akawa nahodha wa mashua ya vita iliyopewa jina la bata bukini wa kijivu. Alipata nishani za ushujaa. Mwaka 1945 aligombea kiti cha Bunge akashindwa kwa kura chache. Mimi naona wapiga kura wale waliwafanyia bata bukini hisani kubwa bila kujua.

Maana mwezi wa Desemba mwaka uleule alikwenda Slimbridge, kijiji kilicho kando ya mto Severn, magharibi ya Uingereza. Mlango wa Severn ni mahali pa maajabu: siku za bamvua maji huweza kupanda zaidi ya futi 40, hali Mombasa hupanda kama futi 12 hivi. Kila majira ya baridi makundi ya bata bukini wenye paji jeupe hutoka Urusi kuja kula katika majani ya hapo. Peter alipokuwa akiwatazama kwa darubini, aliona katikati yao mmoja aliye mdogo zaidi, mwenye duara la manjano kuzunguka jicho, wa namna ambayo ilikuwa imeonekana mara moja tu Uingereza kabla ya hapo. Akakata shauri palepale kwamba hapa ndipo atakapofanya kazi yake. Tarehe 10 Novemba 1946 akaanzisha chama cha kuwalinda na kuwachunguza ndege wa majini. Jambo lililokuwa geni ni hili, kwamba aliwafungulia watu wote mlango. Mtu wa kawaida, pamoja na watoto wake, aliweza kuja kuketi katika kibanda chenye tundu na kuwaona ndege wa mwituni kwa karibu.

Sasa nije kwa habari ninayoipenda kuliko zote. Katika visiwa vya Hawaii kuna bata bukini aitwaye nene. (Mto uliopita chini ya mnara wake unaandikwa vivyo hivyo, na katika Kiswahili kila mtu anajua maana yake, lakini ndege huyu hakuwa mnene, alikuwa karibu kwisha.) Wawindaji, na wanyama walioletwa na wageni kama paka, nguruwe na nguchiro, walikuwa wamemmaliza. Kufika mwaka 1950 walibaki kama 30 tu duniani. Mwaka huo Peter alimtuma mtu wake Hawaii akaletewa ndege wawili, dume na jike. Wote wakafurahi. Majira ya kutaga yalipofika, jike akataga. Siku chache baadaye na yule dume naye akataga! Kumbe wote wawili walikuwa majike. Ikabidi ipelekwe simu Hawaii kuomba dume, naye akaletwa kwa ndege. Alichelewa kwa msimu ule, lakini mwaka 1952 vifaranga wa kwanza wakaanguliwa Slimbridge, na kizazi kikaongezeka mwaka hata mwaka. Mwaka 1962 wengine wakarudishwa kwao, wakaachiliwa katika kisiwa cha Maui, juu mlimani ndani ya shimo la volkano la Haleakala. Leo wako zaidi ya 3,000 porini, kwa kazi ya Slimbridge na ya watu wa Hawaii wenyewe.

Hakutosheka kuwangoja ndege waje; aliwafuata. Mwaka 1951 alikwenda Iceland pamoja na wenzake, wakapanda farasi mpaka katikati ya nchi mahali pasipokaa watu. Walichagua wakati ambapo bata bukini hupukutisha manyoya ya mbawa na hawawezi kuruka. Wakawaswaga kama ng'ombe mpaka ndani ya nyavu, wakawavisha pete za miguu zaidi ya elfu moja. Huko waliona mazizi ya mawe ya watu wa kale, waliokuwa wakiwaswaga bata bukini vivyo hivyo ili wawale. Katika safari hiyohiyo Peter alifunga ndoa na Philippa, aliyekuwa katibu wake, huko huko Iceland. Binti yao wa kwanza alimwita Dafila, jina la kitaalamu la namna ya bata. Sijui wazazi wetu wangesema nini.

Mwaka 1964 wale batamaji wakubwa weupe wa Urusi wakaanza kutua katika kidimbwi kilichokuwa mbele ya dirisha la chumba chake cha kuchorea. Peter akawachora midomo. Akagundua ya kwamba mdomo wa kila mmoja una manjano na meusi yaliyopangwa kwa namna yake, na hakuna wawili waliofanana kabisa, kama alama za vidole vya watu. Basi akawapa majina, akaandika daftari. Majira ya baridi yaliyofuata wakarudi walewale, wakiwa wamesafiri maili 2,500, mume na mke pamoja, na watoto wao wa mwaka ule nyuma yao. Wengine walirudi kwa miaka zaidi ya ishirini. Daftari hilo linaendelea kuandikwa mpaka leo, na limeonyesha ya kuwa ni nadra sana ndoa ya ndege hawa kuvunjika.

Kwa kuwa alijua kuwa ndege mmoja ana nchi nyingi, alifahamu pia kwamba kulinda kinamasi kimoja hakutoshi. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa walioanzisha mfuko wa dunia wa kulinda wanyama wa porini, na alama yake ya panda ni kazi ya mkono wake. Alikuwa pia miongoni mwa waliohimiza mapatano yaliyofanywa tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar, Iran, ambayo nchi huahidi kutunza vinamasi vyake. Uganda ilijiunga mwaka 1988 kwa kuandikisha Ziwa George. Ghuba ya Lutembe, iliyo kati ya Kampala na Entebbe, iliandikishwa mwaka 2006. Mtu akienda hapo kati ya Oktoba na Machi huona buabua wenye mabawa meupe, makundi makubwa ajabu, waliokimbia baridi ya vinamasi vya Ulaya na Asia. Kenya imeandikisha Ziwa Nakuru, na Tanzania imeandikisha eneo lote la mdomo wa Rufiji, Mafia na Kilwa.

Malkia alimpa cheo cha Sir mwaka 1973. Si kila alilofanya lilisifiwa. Mwaka 1975 alikubali kwamba lile dude linalosemwa kukaa katika ziwa la Ness huko Uskochi liko kweli, akashiriki hata kulipa jina la kitaalamu, na watu wakamcheka sana.

Alikufa mjini Bristol tarehe 29 Agosti 1989, akibakiza majuma mawili kutimiza miaka 80. Huo ni mwezi ambao ndege wake wa kaskazini bado wako kwao. Siku hizi wanaofika Slimbridge wamepungua. Bata bukini wenye paji jeupe wengi huishia Uholanzi, kwa sababu majira ya baridi huko si makali kama zamani. Batamaji wa Urusi wamepungua kweli: mwaka 1995 walihesabiwa kama 29,000 katika Ulaya, mwaka 2010 wakawa kama 18,000. Wengine hugonga nyaya za umeme, wengine hupigwa risasi njiani ingawa ni marufuku, na wengine hufa kwa sumu ya risasi za zamani wanazozimeza ndani ya matope.