Grzimek: Daktari wa kuku aliyejua kubisha hodi serikalini

Na Mwandishi Wetu, Karema

KATIKA vijiji vya Karema na barabara yote ya kwenda Mpanda, mjadala kuhusu hifadhi hauishi. Mkulima wa mpunga anataka eneo, mfugaji anataka malisho, mfanyabiashara wa dagaa anataka barabara, na Serikali inataka misitu na wanyama vibaki. Ndiyo maana leo tunamwangalia mtu mmoja ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kushawishi serikali kwa niaba ya taasisi ya uhifadhi isiyo ya kibiashara. Huyu ni Profesa Bernhard Grzimek.

Grzimek alizaliwa Aprili 24, 1909 katika mji wa Neisse, Ujerumani, ambao leo ni Nysa nchini Poland. Alisomea udaktari wa mifugo, na utafiti wake wa shahada ya udaktari ulihusu mishipa ya damu ya kuku. Kabla ya vita alifanya kazi katika idara za kilimo, akishughulikia magonjwa ya kuku na biashara ya mayai. Kumbukumbu zinaonyesha pia kuwa mwaka 1937 alijiunga na chama cha Hitler, jambo alilolikana baada ya vita.

Mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, iliyokuwa imebomolewa kwa mabomu. Aliiongoza hadi mwaka 1974. Sambamba na bustani hiyo kulikuwa na chama cha wanachama, Frankfurt Zoological Society, ambacho yeye ndiye aliyekigeuza kuwa taasisi ya uhifadhi inayojulikana duniani. Baadaye alikuwa rais wake.

Hesabu kwanza

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa na mpango wa kuigawa Hifadhi ya Serengeti. Grzimek na mwanawe Michael walikuwa na fedha zilizotokana na filamu yao, wakafikiria kununua ardhi. Peter Molloy, aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi, aliwashauri wafanye jambo jingine. Hakuna aliyejua wanyama ni wangapi wala wanahamia wapi, hivyo mipaka ilikuwa ikichorwa kwa kukisia.

Baba na mwana walijifunza urubani, wakaruka kutoka Frankfurt kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Mwaka 1958 waliwahesabu wanyama wakubwa wa nyikani kutoka angani, wakapata 366,980. Waligundua pia kuwa nyumbu walikuwa wakitoka nje ya mipaka iliyopendekezwa.

Januari 10, 1959 ndege hiyo iligongana na tai na kuanguka. Michael alikufa akiwa na umri wa miaka 24, akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Mwaka huohuo Ngorongoro ilitenganishwa na Serengeti, kinyume cha walivyotaka. Baba alipoteza mtoto na hoja kwa pamoja. Hata hivyo filamu ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na jina la Serengeti likajulikana duniani.

Hifadhi lazima ilipe

Baada ya uhuru, Grzimek alielewa kuwa serikali changa yenye shida ya shule na hospitali haiwezi kuambiwa itunze simba bure. Alijenga uhusiano na Mwalimu Nyerere na viongozi wengine wa Afrika Mashariki, na hoja yake kubwa ikawa watalii.

Kwao Ujerumani alikuwa na kipindi cha televisheni kilichoanza mwaka 1956. Humo aliomba michango ya wananchi kwa ajili ya miradi ya wanyama. Aidha, aliwahi kutangaza kuwa safari za bei nafuu za Afrika Mashariki zipo, wakati hakuna kampuni iliyokuwa ikiziuza. Watazamaji walipozimiminikia ofisi za mawakala, mawakala wakalazimika kuzianzisha. Mfanyabiashara atatambua mbinu hiyo: alitengeneza wateja kabla ya bidhaa.

Alibisha hodi kwao pia. Alikuwa miongoni mwa waliopigania hifadhi ya taifa ya kwanza ya Ujerumani, iliyofunguliwa katika jimbo la Bavaria mwaka 1970. Kansela Willy Brandt alimteua kuwa mjumbe wa serikali wa masuala ya mazingira, lakini mwaka 1973 alijiuzulu baada ya kuona ana cheo kisicho na meno. Akarudi kwenye kuku, safari hii akipinga kuwafuga katika vizimba vya kubana. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vya aina hiyo kuanzia mwaka 2012, miaka 25 baada ya kifo chake.

Waliokosekana mezani

Ikumbukwe kuwa sifa hizi zina upande wa pili. Grzimek aliamini kuwa watu na mifugo hawafai kuishi ndani ya hifadhi ya taifa. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walitia saini kuondoka Serengeti na kuhamia Ngorongoro, na mgogoro wa ardhi huko haujaisha. Nyumbu walihesabiwa kwa ndege. Hasara ya mfugaji aliyehama haikupata mtu wa kuipigia hesabu wala kuipeleka Frankfurt.

Kwetu Katavi hilo si jambo la mbali. Hifadhi ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni za mwaka 2011 zinatambua kifuta jasho na kifuta machozi kwa wanaoathiriwa na wanyama waharibifu. Lakini malalamiko ya mdomo hayapimiki. Tembo akiingia shambani, pima ekari, andika tarehe, mpe taarifa mapema ofisa mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori wa wilaya, kisha tunza nakala. Kijiji chenye daftari la hasara la miaka mitano kina uzito mezani.

Grzimek alifariki Machi 13, 1987 mjini Frankfurt. Majivu yake yaliletwa Tanzania na kuzikwa kando ya kaburi la Michael, Ngorongoro.