Mfalme aliyesubiri kusi miaka 24

Naishi Makadara. Si Makadara yetu ya Mombasa, ni ya Nairobi, upande huu wa Eastlands, karibu kabisa na reli. Mgeni kutoka Pwani akitembezwa mitaa hii anaweza kudhani hajatoka nyumbani: Majengo ipo, Makadara ipo, Kaloleni ipo. Kinachokosekana ni bahari, na nazi mbichi. Ninazonunua mimi huwa zimekauka hadi maji yake hayafai hata kuonja.

Nilikuja bara kwa kazi ya miaka miwili. Hiyo miwili imezaa mingine, na sasa naona haya kuihesabu mbele ya watu. Kila mwaka kusi likianza, dada yangu hunipigia simu kutoka Kilifi kuniuliza narudi lini. Kila mwaka nina jibu. Mwaka mmoja ni karo ya watoto, mwingine ni nyumba ya Mtwapa ambayo kuta zimefika kwenye madirisha zikasimama hapo.

Aliyenisimulia habari za Kabalega ni fundi wa viatu mmoja kutoka Hoima, Uganda, anayekaa na sanduku lake karibu na stesheni. Nilimletea kiatu kushonwa soli, tukazungumza mambo ya kurudi makwao. Akanyoosha sindano yake kuelekea relini, akasema mfalme wao alipitishwa njia ile. Nilidhani ananitania. Nikaenda kusoma, na tangu hapo nikisikia honi ya gari la moshi la jioni linalokwenda Syokimau, huyo mfalme ndiye ninayemkumbuka.

Kabalega alizaliwa mwaka 1853, na mnamo 1870 akamrithi baba yake, Kamurasi, kuwa Omukama, yaani mfalme, wa Bunyoro-Kitara, magharibi mwa Uganda ya leo. Sisi watu wa Pwani hatukuwa wageni kwake. Misafara ya wafanyabiashara kutoka Zanzibar ilifika Bunyoro, ikaacha bunduki na nguo, ikaondoka na pembe za ndovu. Kwa bunduki hizo aliunda jeshi la kudumu lililoitwa Abarusura. Mwaka 1872 Mwingereza Samuel Baker, aliyekuwa akiitumikia Misri, alifika Masindi akatangaza kwamba nchi ile sasa ni ya Misri. Haukupita muda mrefu Baker akawa anarudi kaskazini mbio, ameyachoma mwenyewe makao yake, na Wanyoro wako nyuma yake vichakani.

Waingereza waliokuja baadaye hawakukimbia. Mwishoni mwa 1893 waliingia Bunyoro kwa vita kamili, wakiwa na askari wa Kinubi na maelfu ya Waganda. Kabalega hakuwasubiri uwanjani. Aliingia msituni, akavuka Nile, akarudi, akavuka tena, akapigana kwa kuvizia kwa zaidi ya miaka mitano. Katika miaka hiyo alipata mwenzake asiyetarajiwa, Kabaka Mwanga wa Buganda. Falme zao zilikuwa mahasimu wa tangu na tangu, lakini Mwanga naye alikuwa amewaasi Waingereza mwaka 1897, na mtu akifukuzwa kwake hachagui sana wa kulala naye njaa. Tarehe 9 Aprili 1899 walikamatwa wote wawili katika nchi ya Lango. Kabalega alikuwa na umri wa miaka 45. Alipigwa risasi katika mapambano hayo, na mkono mmoja ukakatwa.

Hapa ndipo reli inapoingia. Mwaka huo Kisumu hakukuwa na reli. Njia iliyotoka Mombasa ilikuwa ndiyo kwanza inafika Nairobi, mwishoni mwa mwezi wa Mei, na Nairobi yenyewe haikuwa mji. Ilikuwa mahema, vibanda vya mabati na tope. Wafungwa wa Uganda walishushwa Pwani, wakawekwa Kismayu, na mwaka 1901 wakapelekwa Shelisheli. Wale wafalme wawili wa bara, ambao maji makubwa waliyoyajua ni ya ziwa, wakawekwa kwenye kisiwa kilichozungukwa na Bahari Hindi pande zote.

Mpwani anajua mambo ya Shelisheli kwa tumbo kabla ya kuyajua kwa ramani. Lile tunda tunalolichemsha na kulipika kwa tui tumelipa jina la visiwa hivyo. Mahé, kisiwa kikuu, ni milima ya mawe inayopanda moja kwa moja kutoka majini, na mji wake mdogo, Victoria, uko pwani chini ya milima hiyo. Uchumi wa wakati ule ulikuwa minazi, vanila na mdalasini. Kiwanja cha ndege hakikuwepo hadi 1971. Ukitaka kuingia au kutoka ni meli, na meli haziji kila siku. Waingereza walikipenda kisiwa hicho kwa sababu hiyohiyo. Hakihitaji ukuta.

Tena Kabalega na Mwanga hawakuwa peke yao. Prempeh, mfalme wa Asante, Ghana ya leo, alikuwa amekwisha kufikishwa Mahé mwaka 1900 pamoja na mama yake na machifu wake. Fikiria baraza hilo: wafalme watatu kutoka pande mbili za Afrika, kila mmoja na lugha yake, kila mmoja akisubiri barua. Serikali ikiwapa makazi na posho. Mchana wanaweza kutembea, lakini bandarini hawapandi kitu.

Wazee wetu walikuwa na neno la kukaa kisiwani namna hiyo, ingawa wao walikaa kwa hiari. Majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi, mabaharia wakauza tende na mazulia Mombasa na Lamu, kisha wakatengeneza tanga na kungoja kusi liwarudishe. Aliyengoja kusi alijua litakuja. Shelisheli nako pepo ni hizohizo, kaskazi mwanzo wa mwaka na kusi katikati yake. Kabalega alizisikia zikibadilishana juu ya mapaa zaidi ya mara 40, na hakuna hata moja iliyomhusu.

Siku zake zilikwendaje? Mtu aliyezoea kuamrisha majeshi alikaa akajifunza kusoma na kuandika, akiwa mtu mzima mwenye mkono mmoja. Akabatizwa, akaitwa Yohana. Mwanga naye akabatizwa jina la Danieli. Wapo wanaosema alifanya hivyo kuwaridhisha wakubwa ili arudishwe. Mimi sipendi kuingia moyoni mwa mtu kwa jambo la dini. Ninaloweza kusema ni kwamba kujua kuandika kulikuwa na faida ya wazi pale, kwa sababu mlango pekee wa kutokea ulikuwa ni maombi kwa serikali ileile iliyomleta. Nami nimeandika barua nyingi za kuomba uhamisho. Najua jinsi mtu anavyojifunza kuandika vizuri kwa ajili ya msomaji mmoja tu, ambaye huenda hata hafungui bahasha.

Tarehe 8 Mei 1903 Mwanga alifariki hukohuko kisiwani, kijana wa miaka thelathini na kitu. Kabalega akabaki bila mtu aliyekuwa naye msituni. Mwaka 1910 serikali ilikubali Mwanga arudi Buganda, nacho kilichorudi kilikuwa mabaki yake, akazikwa Kasubi. Sijui nani angeweza kuisikia habari hiyo akiwa Mahé asianze kupiga hesabu ya safari yake mwenyewe kwa namna nyingine.

Wakati huo kule alikokuwa akipanga kurudi kulikuwa kunabadilika. Hili ndilo lililonigusa zaidi kuliko risasi na mkono. Waingereza walikuwa wamewapa Waganda sehemu kubwa ya ardhi ya Bunyoro, pamoja na makaburi ya wafalme wa kale wa Wanyoro. Machifu wa Kiganda waliletwa kuwatawala Wanyoro, hadi mwaka 1907 wenyeji wakagoma na kuwakataa, harakati waliyoiita Nyangire. Magonjwa yalikuwa yamepukutisha watu na ng'ombe. Na kiti cha ufalme hakikuwa wazi: kwanza aliwekwa mwanawe mmoja, Kitahimbwa, ambaye bado alikuwa mtoto, akaondolewa mwaka 1902, kisha akawekwa mwingine, Andereya Duhaga. Huyu Duhaga alitawala kwa ridhaa ya Waingereza huku baba yake yu hai, yuko upande wa pili wa bahari. Wanyoro waliendelea kuomba mzee arudishwe. Naona ugumu wa wakubwa wa Entebbe: nchi moja, wafalme wawili, na aliye mbali ndiye anayependwa zaidi.

Hata sisi tulikuwa na wetu aliyeonja uhamisho huo. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyeingia kasri la Zanzibar mwaka 1896 mpaka likapigwa mizinga asubuhi ya tarehe 27 Agosti, alikimbilia Dar es Salaam kwa Wajerumani akaishi huko miaka 20. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 walimkamata, naye akaonja Shelisheli na kile kisiwa cha Saint Helena kilichomfunga Napoleon. Alipoachiliwa hakurudi Zanzibar. Alikaa Mombasa, na Mombasa ndiko alikofia mwaka 1927. Kwa jahazi zuri na upepo mwema, kutoka Mombasa hadi Unguja si safari ya kumtisha mtu.

Basi, mwaka 1923 Kabalega alipewa ruhusa. Alikuwa anakaribia miaka 70. Njia ya kwenda Uganda wakati ule ilikuwa moja: meli hadi Mombasa, gari la moshi hadi Kisumu, kisha meli ya ziwani. Reli ya kutoka Mombasa inaingia Nairobi kwa upande huu wetu, inakuja kutoka Embakasi, inapita Makadara, ndipo inafika mjini. Mahema ya 1899 yalikuwa yamegeuka mji. Pumwani ulikuwa mtaa mpya, serikali ikiwakusanya humo Waafrika wa Nairobi, wakiwemo Waislamu wengi wenye asili ya kwetu. Mwaka mmoja tu kabla yake, Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe walikuwa wamepigwa risasi, naye Thuku akapelekwa Kismayu, kituo kilekile alichoanzia Kabalega. Mmoja anarudi, mwingine anapelekwa.

Nimejaribu kumwona dirishani mwa behewa, mzee mwenye mkono mmoja, suti ya Kizungu, akitazama nyika ya Athi. Kisumu haipo mbali. Halafu ziwa, maji anayoyafahamu walau kwa jina. Halafu Jinja, mahali Nile inapotoka ziwani kuanza safari ya kwenda kupita mpakani mwa nchi yake.

Jinja ndiko alikofia, tarehe 6 Aprili 1923, kwenye kilima cha Mpumudde. Bado siku 3 zitimie miaka 24 tangu akamatwe. Kutoka hapo hadi Hoima ni kama kilomita 280. Jina la kilima hicho kwa Kiganda lina maana ya kwamba nimepumzika, na masimulizi ya wenyeji yanalihusisha na kifo chake. Walimchukua wakamzika Mparo, nje kidogo ya Hoima, penye makaburi ya kifalme mpaka leo. Duhaga, mwanawe, alifuata mwaka 1924. Mwaka huohuo wa 1924 Prempeh aliruhusiwa kuondoka Shelisheli, na yeye akafika Kumasi akiwa hai, akapokewa na watu wake.

Kuhusu ardhi, kaunti mbili za Buyaga na Bugangaizi zilirudi Bunyoro baada ya kura ya maoni ya mwaka 1964. Fundi wa viatu ana mengi ya kusema juu ya zile ambazo hazikurudi, na akianza hilo ni bora uwe umekuja na kiti chako.

Nilimuuliza kama yeye anakwenda Hoima mara kwa mara. Akacheka, akasema basi la Kampala linaondoka Nairobi kila jioni. Hakunijibu swali langu, nami sikulirudia, maana basi la Mombasa nalo linaondoka kila jioni.

Juzi Jumamosi nilimpigia dada simu kabla hajanipigia yeye. Nikamweleza kwamba nimetuma pesa za mabati ya Mtwapa, asubiri mzigo ufike ndipo tupange tarehe. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza anayerudi nyumbani ni mabati au ni mimi.