Ramón y Cajal: Mchoraji aliyeufumbua ubongo seli kwa seli

MADAKTARI wa nusu ya pili ya karne ya 19 walikuwa wakilijua vyema umbo la nje la ubongo. Walijua kwamba ubongo wa mtu mzima una uzito unaokaribia kilo moja na nusu, kwamba umegawanyika katika nusu mbili, na kwamba nyuma, chini yake, umejibanza ubongo mdogo unaoratibu mwendo na usawa wa mwili. Walijua pia kuwa kutoka hapo hushuka ugwe wa mgongo, ile kamba laini yenye urefu wa sentimita 45 hivi na unene wa kidole cha mwisho, ipitayo ndani ya pingili za uti wa mgongo na kutoa jozi 31 za neva ziendazo mikononi, kiwiliwilini na miguuni.

Ambacho hawakukijua ni jinsi vitu hivyo vilivyofumwa kwa ndani. Wataalamu wengi waliamini kwamba nyuzi zote za ubongo na ugwe zimeungana na kuwa wavu mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Aliyekuja kuuvunja wavu huo hakutoka Berlin wala Paris, bali Hispania, nchi ambayo wakati huo haikuhesabiwa kabisa katika sayansi ya Ulaya.

Santiago Ramón y Cajal alizaliwa Mei 1, 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Hispania. Baba yake, Justo Ramón, alikuwa tabibu aliyejisomesha kwa taabu na ambaye hakutaka mwanawe awe kitu kingine ila daktari. Mtoto naye hakutaka kingine ila kuchora. Alichora kutani, vitabuni na popote penye nafasi tupu. Inasimuliwa kuwa baba alimpelekea mchoro mmoja fundi aliyekuja kupaka chokaa kuta za kanisa ili atoe hukumu, na fundi huyo akatamka kwamba kijana hana kipaji. Ni vigumu kufikiria hukumu iliyokosea zaidi ya hiyo.

Shuleni alikuwa mtundu wa kupindukia. Akiwa na umri wa miaka 11 alitengeneza mzinga na kulibomoa lango la jirani, akatiwa mahabusu kwa siku kadhaa. Baba alimpeleka kujifunza kazi kwa kinyozi, kisha kwa mshona viatu, akidhani jasho litamtuliza. Lililomtuliza hatimaye ni mifupa. Mwaka 1868 mzee Justo alimchukua hadi makaburini kukusanya mifupa iliyofukuliwa ili amfundishe anatomia, na kijana akagundua kwamba hicho nacho ni kitu cha kuchorwa. Kuanzia hapo baba na mwana wakawa wamepatana.

Alihitimu udaktari Zaragoza mwaka 1873, na mwaka uliofuata akapelekwa Cuba kama daktari wa jeshi wakati Hispania ikipigana na wapigania uhuru wa kisiwa hicho. Malaria na kuhara damu vilimdhoofisha kiasi cha kurudishwa nyumbani mwaka 1875. Kwa sehemu ya fedha alizolipwa kwa utumishi huo alinunua hadubini yake ya kwanza. Mwaka 1878 alianza kutema damu kwa kifua kikuu, akapona, na mwaka 1879 akamwoa Silveria Fañanás. Kipindupindu kilipoingia Valencia mwaka 1885, Cajal, ambaye sasa alikuwa profesa huko, aliuchunguza ugonjwa huo, na uongozi wa jimbo la Zaragoza ukamtunuku hadubini bora ya Zeiss.

Mwaka 1887 ndio uliogeuza maisha yake. Akiwa Madrid, tabibu mwenzake Luis Simarro alimwonyesha vipande vya ubongo vilivyotiwa rangi kwa njia iliyobuniwa mwaka 1873 na Mtaliano Camillo Golgi. Kipande cha ubongo huloweshwa katika daikromati ya potasiamu, kisha katika naitreti ya fedha. Seli chache tu hunasa rangi, lakini zile zinazoinasa huwa nyeusi tii kutoka kichwani hadi mkiani, juu ya usuli wa njano. Uchache huo ndio uliokuwa neema. Seli zote zingepakwa rangi, kisingeonekana chochote ila weusi mtupu, mfano wa msitu uliosongamana ambamo mti mmoja hautambulikani.

Njia hiyo ilikuwepo kwa miaka 14, ila wengi waliiacha kwa sababu matokeo yake hayakuwa na uhakika. Cajal, aliyehamia Barcelona mwaka huohuo, aliiboresha kwa kurudia kuloweka mara mbili. Kisha akafanya jambo jepesi ambalo wengine hawakulitilia maanani: badala ya ubongo wa mtu mzima alitumia wa viinitete vya ndege na wanyama wachanga, ambao nyuzi zake bado ni fupi na hazijavikwa ala ya mafuta.

Mwaka 1888 alichapisha matokeo ya kwanza, kuhusu ubongo mdogo wa ndege, katika jarida alilolianzisha kwa fedha zake mwenyewe na kulichapa nakala 60 tu. Alionyesha kwamba nyuzi hukumbatia seli nyingine kama mtambaazi ukumbatiavyo shina la mti, bali haziungani nayo. Kila seli ni kitu kinachojitegemea.

Ugwe wa mgongo ndio uliompa ushahidi ulio wazi zaidi. Aliona kwamba uzi uletao hisia kutoka ngozini ukiingia kwenye ugwe kwa nyuma hugawanyika mara mbili, tawi moja likipanda na jingine likishuka, na matawi hayo hutoa vijitawi. Baadhi ya vijitawi husonga mbele hadi kwenye seli zinazoamrisha misuli. Ndiyo maana mtu aguswapo na sufuria ya moto mkono hujiondoa kabla ubongo haujapata habari. Kutokana na mpangilio huo alihitimisha kuwa ujumbe hupita upande mmoja tu: huingia kwa matawi mafupi, hupita mwilini mwa seli na kutoka kwa mkia mrefu.

Lakini nani angesoma jarida la Kihispania la nakala 60? Oktoba 1889 Cajal alifunga safari hadi Berlin, kwenye mkutano wa wanaanatomia wa Ujerumani, akapanga hadubini zake mezani na kuwaita wakubwa waje wajionee. Albert von Kölliker, mwenye umri wa miaka 72 na heshima kuliko wote, alitazama akaridhika, na baadaye alijifunza Kihispania ili amsome Cajal. Mwaka 1891 Wilhelm Waldeyer akazipa seli hizo jina la nyuroni.

Mwaka 1906 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Cajal na Golgi kwa pamoja. Mjini Stockholm, Golgi alitumia hotuba yake kuishambulia nadharia ya nyuroni na kuutetea wavu wake, mbele ya mtu aliyeuvunja kwa kutumia rangi yake yeye mwenyewe. Cajal alihutubia siku iliyofuata, akatoa ushahidi wake na kumpa Golgi heshima iliyomstahili.

Katika kitabu kikubwa cha mwaka 1913 na 1914 alitoa habari isiyopendeza: nyuzi za ubongo na ugwe wa mtu mzima zikikatika, haziwezi kuota tena hadi zilikokuwa. Hata hivyo mwanafunzi wake, Francisco Tello, alikuwa ameonyesha mwaka 1911 kuwa zikipandikiziwa kipande cha neva ya mguuni, hujaribu kuota. Watafiti wanaowashughulikia waliovunjika mgongo wangali wanaifuata njia hiyo.

Cajal alifariki Madrid Oktoba 17, 1934, akiwa na umri wa miaka 82. Golgi alikuwa ametangulia mwaka 1926 bila kukubali kushindwa. Miaka ya 1950 hadubini ya elektroni iliuonyesha mwanya uliopo kati ya nyuroni na nyuroni, wenye upana wa takriban sehemu 20 za milioni moja za milimita.