Elvania Zirimu: Mwandishi Aliyeihoji Mila

Elvania Namukwaya Zirimu alizaliwa Uganda mwaka 1938. Alisoma King's College Budo, akasomea ualimu Makerere, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Aliporudi aliunda kundi la Ngoma Players, ili Waganda watazame michezo iliyoandikwa na Waganda wenyewe.

Katika mchezo wake wa redio, Family Spear, mila inampa baba haki ya kulala na mke wa mwanawe. Kijana anakataa, na nyumba inatikisika. Kwetu Waislamu hilo halina mjadala: Suratun-Nisaa imemharamishia baba mke wa mwanawe. Sura hiyo hiyo imekataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Hata hivyo, wapo mabinti wanaoozwa bila ridhaa yao na wajane wanaorithiwa kama mali, na watu husema ni dini.

Mwaka 1979 Zirimu aliteuliwa kuwa balozi nchini Ghana. Mwaka huo huo akafariki kwa ajali ya gari.

Mchezo wa redio hauhitaji jukwaa wala pazia. Ukiandikwa kwa Kiswahili hapa Mbarara, utaeleweka hadi Nakivale. Ndugu msomaji, kalamu unayo.