Robert Koch: muganga wa kolera na kifua kikuu, na dawa iliyopofusha watu Sese

Mwaka wa 1906, mzee mmoja Mjerumani mwenye ndevu na miwani alishuka kwenye visiwa vya Sese, ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Alikuwa na miaka 62. Mwaka mmoja mbele ya hapo alikuwa amepewa Zawadi ya Nobel, na Ulaya nzima ilimjua. Alikuja kutafuta dawa ya malale, ule ugonjwa wa usingizi ambao, kwa makadirio, ulikuwa umeua zaidi ya watu 200,000 katika Uganda ndani ya miaka michache tu.

Jina lake Robert Koch. Alizaliwa mwaka wa 1843 Clausthal, mji mdogo wa wachimba madini. Alisomea udaktari, kisha akatumwa kuwa muganga wa wilaya pale Wollstein, mahali ambapo leo ni Poland. Huko hakuna maabara. Alikuwa na mikroskopi, nyumba yake, na panya. Ng'ombe na kondoo za wakulima zilikuwa zinakufa na kimeta, basi akatwaa damu ya mnyama aliyekufa na kuitia ndani ya panya kwa kijiti cha mti kilichochongwa. Panya akafa, na ndani ya damu yake vijiti vilevile vidogo vikaonekana. Aliona pia kwamba kijidudu hicho kinaweza kujifunga kama mbegu na kungojea ndani ya udongo miaka mingi. Ndiyo maana malisho yaleyale yalikuwa yanaua kila mara. Hiyo ilikuwa mwaka wa 1876.

Wakati ule watu wengi, hata maprofesa, waliamini kwamba magonjwa yanatoka kwa hewa mbaya. Koch alitaka ushahidi wa namna ingine: umuone kijidudu ndani ya mgonjwa, umkuze peke yake bila kuchanganyika na vingine, umtie ndani ya mnyama mzima, na ugonjwa uleule utokee. Kazi ngumu ilikuwa kumkuza peke yake. Njia moja ilitoka jikoni: kipande cha kiazi kizungu kilichochemshwa kikaachwa wazi, na madoa ya rangi mbalimbali yakaota juu yake, kila doa ukoo wa kijidudu kimoja. Baadaye Fanny Hesse, bibi wa msaidizi wake mmoja, akaleta wazo la kutumia agari, ile ya kugandisha chakula. Maabara za dunia zinaitumia hadi leo.

Tarehe 24 Machi 1882, mbele ya waganga wa Berlin, alionyesha kijidudu cha kifua kikuu. Kwa hesabu yake, ugonjwa huo ulikuwa unaua mtu mmoja kwa kila saba. Mwaka uliofuata akaenda Misri, kisha Calcutta, kufuata kolera. Muitalia Filippo Pacini alikuwa ameshaona kijidudu hicho mwaka wa 1854, lakini hakuna aliyemsikiliza. Koch alikikuta ndani ya matumbo ya wafu na ndani ya maji ya bwawa, pale ambapo watu walikuwa wanaoga, wanafua na kunywa.

Hamburg ilipata somo kwa uchungu. Mwaka wa 1892 mji huo ulikuwa unakunywa maji ya mto Elbe bila kuchuja, na kolera ikaua zaidi ya watu 8,000. Altona, mji wa jirani kabisa, ulitumia mto uleule lakini ulichuja maji kwa mchanga, na huko wagonjwa walikuwa wachache. Max von Pettenkofer, profesa mpinzani, akakunywa vijidudu vya kolera hadharani na akapata kuhara kidogo tu. Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa na kitu: maji ndiyo yanaleta kolera, lakini si kila anayemeza kijidudu anaanguka.

Mtu huyu aliyedai ushahidi kwa wengine alijisahau mara mbili. Mwaka wa 1890 alitangaza tuberkulini, eti dawa ya kifua kikuu, na akaficha namna inavyotengenezwa. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Dawa haikuponya, na wengine walizidiwa wakafa. Leo inasaidia kupima tu kama mtu amekutana na kijidudu.

Mara ya pili ni Sese. Alikuwa na Atoxyl, dawa yenye arseniki, na alichoma wagonjwa mamia na mamia. Kwanza walionekana kupata nafuu: waliokuwa wanasinzia waliinuka. Lakini ugonjwa ulikuwa unarudi, basi akapandisha kipimo toka nusu gramu hadi gramu nzima. Baadhi yao wakapofuka kabisa. Akarudisha kipimo chini, ila macho hayakurudi. Watu hao hawakuwa na nafasi ya kukataa, na majina yao hayatajwi kwenye vitabu vinavyomsifu.

Koch aliondoka 1907, akisema bado Atoxyl inafaa, na dawa hiyo ilitumiwa pia Kongo ya wakati ule. Akafa tarehe 27 Mei 1910 pale Baden-Baden. Majivu yake yamewekwa Berlin, ndani ya taasisi yenye jina lake. Visiwa vya Sese, serikali ya Waingereza ilivihamisha watu kwa sababu ya malale.