Carl Akeley, mwindaji aliyezikwa chini ya mlima Mikeno

Watu wengi waliotoka Goma kwenda kupanda milima waliishia Nyiragongo. Mlima Mikeno, wenye mita 4,437, unajulikana kidogo. Lakini pale Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, ndipo alipozikwa Mmarekani Carl Akeley.

Akeley alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la New York. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa ili waonyeshwe katika makumbusho. Mwaka 1921 alifika Virunga, na msafara wake uliua sokwe wa milimani watano. Vifo hivyo vilimbadilisha. Aliporudi kwao alianza kuomba sokwe walindwe. Mfalme Albert wa Ubelgiji alikubali, na tarehe 21 Aprili 1925 ikaanzishwa mbuga inayoitwa leo Virunga.

Mwaka 1926 alirudi kuwachunguza. Aliugua safarini lakini hakukubali kugeuka. Alifariki Kabara tarehe 17 Novemba. Mkewe, Mary Jobe, aliendeleza kazi yake.

Sokwe aliowaua wangali New York, nyuma ya kioo. Wengine wangali hai msituni, kwenye miteremko ya Mikeno.