Alice Lakwena: Alipeleka Maelfu Vitani Wakafa, Kenya Ikamfunga Juu ya Kuvuka Boda

Ukiwa Mwingi, Kitui, simama pale stegi ucheki mabasi ya Garissa yakipita. Mbele ya Garissa ndio Dadaab, na huko ndiko alikofia mwanamke aliyetaka kuangusha serikali ya Uganda. Kama ulizaliwa miaka ya 2000, labda hata humjui.

Jina lake Alice Auma, Mwacholi, aliyezaliwa 1956. Mei 1985 alisema ameshikwa na roho anayeitwa Lakwena, yaani mjumbe. Kama susu wako kule Makueni amewahi kukupeleka kilumi, hiyo haikushtui. Mwanzoni Alice alikuwa anatibu watu tu.

Januari 1986 Museveni akachukua Kampala. Wanajeshi Waacholi wakatorokea kwao kaskazini, wakihofia kulipiziwa kisasi. Agosti mwaka huo Alice akaanzisha jeshi lake.

Sasa cheki sheria zake. Hakuna pombe, hakuna fegi, hakuna mapenzi. Vita ikianza, hakuna kujificha nyuma ya mti ama kichuguu. Unajipaka mafuta ya shea, unaimba nyimbo za kanisa, unatembea wima kuelekea bunduki. Risasi haitakudhuru, na jiwe ukilirusha litalipuka kama gruneti.

Manze, hayakulipuka. Maelfu walikufa, wengi wao vijana kama wewe. Na mtego ulikuwa hapa: ukipigwa risasi, inamaanisha ulikuwa umevunja sheria. Kosa ni la maiti. Alice mwenyewe hakukosea kamwe.

Walifika hadi karibu na Jinja, kama kilomita 80 kutoka Kampala, wakachapwa vibaya mwishoni mwa 1987. Alice akahepa, akaingia Kenya, makarao wakamshika. Kosa lake? Kuingia nchini bila kibali. Akasota ndani miezi michache, akatoka, akawa mkimbizi.

Juu ya wale maelfu, hakuna korti iliyowahi kumuuliza swali hata moja.

Wengi walimchukulia kama kichekesho, mchawi, mwanamke aliyechizi. Joseph Kony aliibuka kule kule, na 2005 korti ya ICC ikatoa waranti ashikwe. Ukweli usemwe, ICC haiwezi kugusa mambo ya kabla ya Julai 2002, na vita ya Alice ilikuwa imeisha kitambo. Uganda nayo ilipitisha sheria ya kusamehe waasi mwaka wa 2000.

Lakini usidhani mwanamke hawezi kuhukumiwa. Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri Rwanda, alipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari hapo Arusha mwaka wa 2011.

Alice alifariki Januari 2007 katika kambi ya Ifo, Dadaab, akiwa na miaka 50. Mwili ukarudishwa Gulu, ukazikwa kwao. Wale vijana waliotembea wima wakiimba, wengi mamazao hawajui hata walizikwa wapi.

Sasa wewe, kama ungekuwa jaji, ungeona mgonjwa, nabii ama muuaji?